Sifuri Ishirini na Nne

Afadhali niwaambie mwenyewe, maana najua mnaisikia kwa Baba Amisi kila akiuza sufuria, na Baba Amisi anaongeza chumvi (anasema nililia, sikulia, jasho liliniingia machoni). Ni mimi, Prof Innocent wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni, niliyesimama mbele ya ukumbi mzima pale Lilongwe nikagombana na kipimajoto. Kipimajoto kilishinda. Na kama ningeishia hapo leo ningecheka pamoja nanyi, lakini kuna jambo baya zaidi nililolifanya dakika chache baadaye, na hilo Baba Amisi hawaambii, kwa kunistahi, kwa hiyo nitalisema mimi.

Kwanza huo uprof wenyewe. Kule Bukavu nilisoma ualimu mwaka mmoja na nusu, basi, vita ikanipatia sababu nzuri ya kutoendelea (mitihani ilikuwa imeshanipatia sababu nyingine). Lakini kambini, mtu yeyote aliyewahi kushika chaki anaitwa Prof, nami nikalivaa hilo jina kama koti la mtu mwingine, likanipendeza, sikulivua tena. Nilikuwa nafundisha fizikia mara mbili kwa wiki, mchana, katika chumba cha kanisa, watu wazima kumi na wawili waliokatishwa masomo. Nilipenda wanapoandika. Nilipenda wanaponyamaza. Na maswali pia niliyapenda, yale ambayo majibu yake ninayo.

Kati yao alikuwemo Mama Furaha, mshonaji wa sare za shule, mtu wa Bukavu kama mimi, ila yeye sekondari aliimaliza kwelikweli, upande wa hesabu na fizikia, diploma ikabaki ndani ya nyumba ambayo haipo tena. Alikuja darasani na utepe wa kupimia shingoni, akakaa nyuma, akaandika kidogo. Nilimchukia kidogo, ile chuki ya heshima, ya mwalimu kwa mwanafunzi anayeandika kidogo.

Basi ikaja barua kutoka chuo kimoja cha Lilongwe. Kila kikundi cha wanafunzi wa Dzaleka na wa shule za wilaya yetu ya Dowa kilete jambo moja la fizikia, mwanafunzi alieleze mbele ya wageni kwa vifaa rahisi, mwalimu awe wa kusaidia tu. Mwanafunzi atakayefanya vizuri zaidi atapata nafasi ya mwaka wa maandalizi chuoni, bila kuulizwa diploma iko wapi. Someni tena hapo. Bila kuulizwa diploma. Darasa zima waligeuza shingo wakamwangalia Mama Furaha, na mi pia nilimwangalia, na kilichonijia kichwani (nasema kweli, aibu yangu nyote mnaijua) ni kwamba hakuna aliyegeuka kuniangalia mimi.

Nikachagua jambo kubwa. Wengine walete vyungu na feni. Sisi tutahesabu vitetemi vya atomi ndani ya kipande cha aluminiamu. Jambo lenyewe si gumu. Kitu kigumu chochote, chuma, chumvi, sufuria, kimejengwa na atomi zilizopangwa, na kila atomi haitulii, inatetema mahali pake, inakwenda na kurudi kama kitu kilichofungwa na springi. Kitu kinachokwenda na kurudi hivyo tuliita kitetemi. Ukikipasha moto hicho kipande, joto linagawanywa kwa vitetemi vyote sawasawa, kama chakula kwenye sahani. Kwa hiyo ukijua vitetemi ni vingapi, unajua kipande kimebeba joto kiasi gani, na ukikitumbukiza kikiwa moto ndani ya maji baridi unaweza kusema mapema maji yatapanda digrii ngapi. Baba Amisi, mfanyabiashara kutoka Kindu ambaye anayeyusha vyuma chakavu na kutengeneza sufuria, akatupatia kipande cha gramu mia mbili na sabini, ukubwa kama wa kipande cha sabuni. Kwenye kipande hicho kuna atomi sita ikifuatwa na sifuri ishirini na nne. Nikaandika ubaoni: atomi moja, kitetemi kimoja. Maji yatapanda digrii moja na pointi nne.

Mama Furaha akanyoosha mkono. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa kama atomi haiwezi kutetema kushoto na kulia, halafu mbele na nyuma, halafu juu na chini, na kama ni hivyo, je, haihesabiki mara tatu. Alikuwa sahihi. Mtoto wa miaka kumi angeona kwamba yuko sahihi. Mi nikahisi masikio yanapata moto, nikatabasamu lile tabasamu letu la walimu wasiojua, nikamwambia: "Mama, hapa tunahesabu atomi, hatuhesabu njia za atomi." Watu wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyejua anacheka nini, wala mimi.

Akasema basi tujaribu, Alhamisi, maji yapo, kipimajoto kipo. Na hapo njo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulionizika. Nikasema hapana. Nikasema fizikia ni hesabu, kipimajoto ni cha wauguzi. (Nilisema hivyo. Mbele ya watu kumi na wawili.) Ukweli ni kwamba niliogopa kujaribu, maana jaribio lingeweza kumpa haki mshonaji.

Ukishakataa kujaribu, lazima ujitie uhakika, na ukishajitia uhakika, lazima uupake rangi. Nikaagiza bango la kitambaa. Fundi wa kuandika vibao vya kanisa akaniandikia ile namba kwa rangi nyekundu, sita na sifuri zake zote ishirini na nne moja moja, kwa sababu nilitaka watu wa Lilongwe waone sifuri, na chini yake "1.4", na juu yake jina langu, kubwa kuliko la kikundi. Bango likawa na urefu wa kitanda na nusu. Mama Furaha njo alilipinda kingo. Alipolileta akaniambia ameacha kitambaa cheupe kushoto kwa ile sita, upana wa kiganja, kama nitataka kuongeza kitu. Nikamwambia hakuna cha kuongeza.

Na kwa kuwa bango lilikuwa na jina langu, nikaona si vizuri mtu mwingine asimame mbele yake. Barua ilisema mwanafunzi aeleze. Nikaamua kwamba barua ilimaanisha mimi.

Tukaenda watatu: mimi, Mama Furaha, na Baba Amisi, kwa sababu kipande ni chake na hakumwamini mtu nacho. Ukumbi ulijaa. Wanafunzi wa shule ya Madisi walitutangulia, wakaeleza kwa nini chungu cha udongo kinapoza maji, hawana bango, hawana sifuri hata moja, wamelowesha vidole tu na kuvipuliza. Nilicheka kwa pua. Watu wakawapigia makofi marefu, mi nikasema moyoni, subirini sasa muone sayansi.

Mkuu wa majaji alikuwa mama mmoja mrefu, mhadhiri wa fizikia, wote walimwita Madamu. Alipoona nimepanda mimi badala ya mwanafunzi aliangalia karatasi yake, akaniangalia, akaandika kitu. Sikujali. Tulitandaza bango, watu wakazihesabu sifuri kwa midomo, nikafurahi. Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kifalme, nikatangaza kwamba maji yale, yakiwa na digrii ishirini na mbili, yatafika ishirini na tatu na pointi nne, wala hayatazidi. Hilo la "wala hayatazidi" hakuna aliyeniomba. Nikamwambia Baba Amisi asome kipimajoto kwa sauti kubwa ili hata walio nyuma wasikie.

Baba Amisi amesoma mizani maisha yake yote. Akikisoma kitu, kimesomwa. Akakitoa kile kipande kwenye maji yanayochemka kwa koleo, akakiingiza kwenye lita moja ya maji baridi, akakoroga, akaanza.

"Ishirini na tatu. Ishirini na tatu na nusu."

Nikamwambia kwa Kiswahili, haraka, inatosha, toa.

"Prof, iko inapanda bado," akasema, kwa sauti ileile ya kusomea.

Nikanyoosha mkono kukitoa kipimajoto mwenyewe (ndiyo, nilitaka kuiba, mbele ya watu wote, kuiba digrii mbili), na yeye, kwa kudhani namsaidia kukoroga, akanisogezea chombo, nami nikakigonga, nusu kikombe cha maji kikaniingia kwenye suruali, mbele, pale ambapo mtu hapendi maji yaingie. Watu wa mstari wa mbele wakaangalia pembeni kwa adabu. Baba Amisi akaendelea: ishirini na tano, ishirini na tano na nusu, mpaka ikatulia ishirini na tano na pointi nane. Digrii karibu nne. Bango nyuma yangu likasema moja na pointi nne, kwa rangi nyekundu, na jina langu juu yake.

Mtu mwenye akili angesema nimekosea. Mi nikasema kipimajoto ni kibovu. Madamu akaagiza cha chuo, kipya, kwenye kasha lake. Nacho kikasema yaleyale. Nikasema Lilongwe iko juu ya mlima kidogo, maji yanachemka mapema. Madamu akajibu kwa upole kwamba hilo ni kweli, na kwa hiyo kipande kingekuwa na joto pungufu, na je, maji yangepanda zaidi au pungufu? Wale wanafunzi wa Madisi wakajibu wote kwa pamoja, kama kwaya: pungufu. Basi nikasema aluminiamu si safi, imechanganywa na vitu, na kwa kuwa nilisema hilo kwa Kiingereza huku nimemnyooshea kidole Baba Amisi, akalielewa bila mkalimani.

"Prof, mi nilikupa bure," akasema. "Usiniharibie jina mbele ya bantu bote."

Kisha tukabishana kwa Kiswahili mbele ya watu mia ambao hawajui Kiswahili, mi na suruali iliyolowa, yeye na koleo mkononi, kuhusu kama mfuniko wa sufuria wa zamani ni aluminiamu au si aluminiamu. Madamu akagonga meza kwa kalamu. Akaniuliza swali moja tu, hesabu hii ilifanywaje.

Na sasa njo lile jambo lenyewe. Ningeweza kusema nilikosea. Neno moja. Badala yake nikageuka, nikamwona Mama Furaha amekaa mstari wa tatu, mkoba mapajani, nikasema: "Hesabu ni ya mwanafunzi wangu. Mi nilisoma tu alichoandika."

Madamu akamwita mbele. Mama Furaha akasimama, akaja polepole, hakuniangalia. Nilingoja aseme huyu mtu ni mwongo, na ninaapa nilikuwa tayari kukana. Hakusema. Akauliza kama anaruhusiwa kuisahihisha hiyo namba. Akapewa kalamu nene nyeusi. Akashika kile kipande, kilikuwa kimepoa, akakitikisa mbele ya watu, kushoto na kulia, akasema moja. Mbele na nyuma, mbili. Juu na chini, tatu. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache, kila neno lilifanya kazi. Akasema kila atomi ni vitetemi vitatu, si kimoja. Kisha akaenda kwenye bango, akaikata ile sita, na kushoto kwake, kwenye kile kitambaa cheupe cha upana wa kiganja, akaandika kumi na nane. Sifuri zangu zote ishirini na nne zikabaki vilevile, zikimtumikia yeye. Akapiga hesabu upya hapo chini, akapata digrii nne, akasema hizo pointi mbili zilizopungua zimepotea, nyingine njiani na nyingine ndani ya suruali ya Prof.

Ukumbi ulicheka mpaka Madamu akavua miwani.

Nikaenda chooni. Sitapamba hili. Nilijifungia, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapanga jinsi nitakavyorudi Dzaleka bila kupita sokoni, jambo lisilowezekana, maana kila njia ya kwetu inapita sokoni. Wenzangu wanakula nsima, ugali wa huku, na kuku wa wageni, mi nasikiliza mfereji unavuja. Baada ya muda Baba Amisi akagonga mlango.

Hakunitukana. Alisema amesikia majaji wanazungumza, na mwanafunzi mmoja wa chuo anayejua Kiswahili kidogo amemweleza: wanampenda Mama Furaha, lakini wanasema aliikosea hesabu kwanza, akaisahihisha baada ya kuona jibu kwenye kipimajoto, na mtu yeyote anaweza kusahihisha akishaona jibu. Kwa hiyo wanaelekea kwa vijana wa chungu.

"Njo hivyo," akasema nyuma ya mlango. "Ile namba iko ya nani, Prof?"

Sikufungua. Ningependa kuwaambia kwamba nilichelewa kwa sekunde chache tu. Baba Amisi alikuwa anapumua pale nje, hakuondoka, na mwishowe nilitoka kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Si ushujaa. Kama kungekuwa na dirisha, labda hadi leo Mama Furaha angekuwa anashona sare pale sokoni na mi ningekuwa nahubiri kitetemi kimoja.

Nilitaka kumnong'oneza Madamu. Nilikwenda pembeni ya meza yao nikainama, nikaanza, na yule mshereheshaji, kijana mchangamfu aliyekuwa akishukuru kila mtu tangu asubuhi, alidhani nataka kutoa shukrani, akanisogezea kipaza sauti mdomoni, nikajisikia kwenye kila spika ya ukumbi nikisema kwamba ile hesabu ni yangu, kwamba huyu mama aliniambia ni mara tatu wiki mbili kabla, darasani, mbele ya watu, akaomba tujaribu, nami nikakataa ili asionekane anajua, na kwamba lile eneo jeupe kwenye bango aliliacha yeye kwa makusudi. Madamu akaniuliza, kwenye kipaza sauti naye, kwa nini basi nilimsingizia. Nikasema niliogopa. Akasema zikomo, yaani asante, akaniambia nikakae.

Hakuna aliyenipigia makofi na ni sawa. Nilikaa mstari wa mwisho, karibu na mlango, suruali imekauka na kuacha alama kama ramani. Nafasi akapewa Mama Furaha. Alipoitwa hakuruka wala hakupiga kelele, alikunja tu ule utepe wa shingoni, akauweka ndani ya mkoba, akafunga mkoba.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakunikanusha palepale.

"Ningesema si mi, bangebaki banaangalia wewe," akasema. "Mi nilitaka baangalie namba."

Kesho yake nikaenda pale anaposhonea, nikaanza hotuba ya kuomba msamaha, nilikuwa nimeiandaa na ilikuwa na sehemu tatu. Aliniacha nisimame mpaka akamaliza mkono mzima wa shati. Kisha akaniambia hapa si mahali pake. Pale nilipomfanya achekwe ni darasani, nikaseme darasani. Akaendelea na mkono wa pili.

Nikasema darasani. Wakacheka, na safari hii walijua wanacheka nini. Watoto wa sokoni sasa wananiita Mara Tatu, na wanaoniita hivyo hata hawajui ni mara tatu ya kitu gani, wamepokea jina tu kwa Baba Amisi. Mama Furaha ana chumba Biwi, huko Lilongwe, anasoma, Jumamosi akija kuwaona watoto wake tunasalimiana, ananiita Prof kama zamani, na bado sijajua kama ni heshima au ni adhabu.

Nimejiwekea sharti, liandikeni kama mnataka: sitatamka tena namba yoyote mbele ya watu kabla sijaijaribu kwa maji, na mwanafunzi akinyoosha mkono, chaki naiweka chini kwanza. Wiki iliyofuata njo sharti lilinijia mapema kuliko nilivyotaka. Binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza, kama kila atomi ina vitetemi vitatu, kwa nini vitu vikipoa sana sana vinabeba joto kidogo kuliko hesabu yetu inavyosema, maana amesoma mahali kwamba ni hivyo. Niliweka chaki chini. Nikatafuta lile tabasamu langu, sikulipata. Nikasema sijui. Nikangoja wainuke waondoke, waende kwa mwalimu anayejua, na hakuna aliyeondoka. Yule binti aliandika swali lake upya, kwa herufi kubwa zaidi, akaniuliza kama Alhamisi nitalitafuta pamoja nao.

Nikasema ndiyo.